Mfereji Hauulizi Umepanda Nini

Asubuhi ile ya Alhamisi Roser alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akiinua lango dogo la maji la shamba lao, maana zamu yao ilikuwa imefika. Maji yakaingia kwa fujo, yakajigawa kwenye mitaro ya michungwa kama watoto waliofunguliwa shule. Bibi yake, Remei, alisimama ukingoni na buti zake za mpira, jembe begani, akiyachunga maji kama mtu anayechunga maziwa motoni.

"Pandisha kidogo, mwanangu. Kidogo, nimesema! Unataka kuogesha barabara?"

Tonet, mlinzi wa mfereji, alifika na baiskeli yake inayolia kama bata. Pale kijijini Alcamell kila mtu alimjua Tonet, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha kila shamba linapata maji kwa zamu yake. Mwenye shamba kubwa alilipia maji mengi, mwenye shamba dogo alilipia machache, hapo hakuna ugomvi. Lakini awe tajiri awe fukara, awe rafiki yake au mtu aliyemnyima salamu tangu siku ya harusi yake, Tonet hakumuuliza mtu amepanda nini. Michungwa, vitunguu, hata kama ni maua ya kumpa mchumba, maji yalikuja yaleyale.

"Bibi Remei," alisema, mguu mmoja chini. "Leo saa sita, mbele ya kanisa. Hujabadili nia?"

"Nibadili nia, kwani mimi upepo?"

"Watu watacheka."

"Wacheke. Meno si yao?"

Roser alijifanya anatoa jani kwenye lango. Moyo ulikuwa unamdunda kama ngoma ya bendi siku ya mtakatifu wa kijiji. Yeye alikuwa msichana wa haya. Shuleni mwalimu akiita majina, aliitikia kwa kunyoosha kidole ili asisikike. Na leo, saa sita, Baraza la Mfereji, mahakama ya wakulima, lingemtaka aseme mbele ya kijiji kizima.

Mambo yalianza hivi. Kwa miaka mingi Alcamell haikuwa na intaneti ya maana. Makampuni makubwa yalikuja, yakatazama bonde, yakahesabu paa za nyumba, yakaondoka. Kisha ikaja kampuni ndogo ya mkoa iitwayo Falzia, na meneja wake, Bwana Orquín, akasema yeye ataleta waya, ila apewe njia. Baraza la Mfereji likampa njia ya bure: waya upite ukingoni mwa mfereji, kuanzia bwawa la juu mpaka mji wa chini, na vijiji vyote vya katikati vipate. Sharti lilikuwa lilelile la siku zote, kwamba apitaye ukingoni hufuata sheria ya ukingo. Bwana Orquín akapeana mikono na baraza, akala mkate na mafuta ya zeituni, watu wakapiga makofi. Wazee wakaanza kuwaona wajukuu zao walioko Ujerumani kwenye simu, wakawa wanakipigia kioo kelele kana kwamba Ujerumani iko ng'ambo ya mfereji.

Roser naye akatengeneza ukurasa wa machungwa. Mtu wa mji wa chini anaagiza kasha leo, kesho asubuhi Bibi Remei na baba yake Roser, Ximo, wanachuma, jioni kasha liko mlangoni na majani yake mabichi. Zamani walikuwa wanamuuzia dalali, anayekuja, anatazama mti, anataja bei kana kwamba anatoa sadaka. Ukurasa ule uliwatoa kwenye mikono ya dalali. Ximo, ambaye hakuwahi kumsifia mtu hadharani, alikuwa akisema baa, "Binti yangu hasemi, lakini anauza kuliko ninyi mnaobwata."

Halafu Falzia ikaleta kitu inachokiita Kapu. Ndani ya Kapu kulikuwa na mpira, filamu, na duka la mtandaoni la supamaketi kubwa. Vyote hivyo vilikuwa bure na vilifunguka upesi kama kufumba jicho. Waliokuwa ndani ya Kapu walikuwa wameilipa Falzia. Ambao hawakulipa, kurasa zao zilisubiri.

Wa kwanza kusubirishwa alikuwa Amadeu, mwalimu wa tarumbeta wa bendi ya kijiji. Alikuwa akiwafundisha watoto wa vijiji vya bonde kwa video, kila mtoto nyumbani kwao. Ghafla picha ikawa inaganda. Mtoto anapuliza sasa, sauti inafika baadaye, midomo imeshafungwa. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto. Amadeu akaja baa, akasema, "Jamani, wananibania waya."

"Labda tarumbeta lako ni nene, halipiti," alisema Ximo, na baa nzima ikaangua kicheko.

"Cheka tu, Ximo."

"Sasa nilie? Mimi natazama mpira bure. Wewe ukitaka kasi, puliza kwa nguvu."

Wakacheka tena. Roser alikuwa amekuja kumwita baba yake chakula cha mchana. Alimwona Amadeu akikunja skafu, akitoka bila kumaliza kahawa. Roser hakumtetea. Nani angemsikiliza?

Msimu wa machungwa ulipoanza, oda za Roser zikapungua, zikawa za kuokoteza. Alipomtembelea shangazi yake jiji la pwani, ambako kulikuwa na kampuni nyingine, ukurasa wake ulifunguka palepale. Aliporudi bondeni, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka mtu anasahau alitaka nini. Na watu wa mji wa chini karibu wote walikuwa na waya wa Falzia. Walikuwa wanachoka kusubiri, wanabonyeza duka la Kapu, wananunua machungwa ya mbali yaliyopakwa nta.

Ximo alikwenda ofisini kwa Bwana Orquín. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa kwa upole kwamba naye anaweza kuingia Kapuni. Alipotajiwa ada, alisimama, akasahau kofia yake.

Jioni ile mezani alisema, bila kumtazama mtu, "Yupo mtu anataka kujenga ghala. Anataka shamba letu. Jumamosi atakuja tupeane mikono."

Kijiko cha Bibi Remei kilitua kwenye sahani. Pale Alcamell mikono ikishapeana, mambo yamekwisha. Hakuna karatasi itakayoyarudisha. Michungwa ile aliipanda Remei na marehemu mumewe, mmoja mmoja, wakibeba udongo kwa punda.

"Utang'oa miti yangu nikiwa hai?"

"Mama, nitauza nini? Kivuli?"

Bibi Remei alisukuma sahani. Aliinuka, akavaa koti, akatoka. Aliporudi alikuwa ametulia kama mtu aliyetoka kuungama. "Nimemshtaki yule bwana," alisema. "Kwa Tonet. Baraza la Mfereji."

Ximo alishika kichwa. "Mama! Baraza linahukumu watu walioiba maji! Huyu anauza intaneti!"

"Waya wake umelala wapi?"

Ximo akaanza kumega mkate.

"Nimekuuliza, we mtoto. Waya umelala wapi?"

"Ukingoni."

"Basi."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Alhamisi ile. Kengele ya saa sita ilipolia, mbele ya kanisa palikuwa pamejaa kuliko siku ya harusi. Wajumbe watano wa baraza, wote wakulima, walikaa kwenye viti vya ngozi na mashati yao meusi marefu. Mwenyekiti alikuwa Fina, mkulima wa vitunguu, mama mwenye mafua yasiyoisha na subira fupi. Katika baraza lile hakuna kuandika, hakuna wakili, na mwenyekiti hanyooshi kidole. Anayetakiwa kusema huelekezewa mguu, tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Washtakiwa wa mfereji wa Alcamell!" Tonet alipaza sauti.

Bwana Orquín alijitokeza, viatu vyake vizuri vikiwa na tope. Nyuma yake alikuja kijana na mkoba.

"Huyo nani?" aliuliza Fina.

"Wakili wangu, mama mwenyekiti. Ana nyaraka."

"Hapa karatasi hazisemi. Kijana, kaa pale na mama zako, watakupa karanga." Watu wakacheka. Kiatu cha Fina kikamgeukia Bibi Remei. "Sema wewe."

Bibi Remei akasimama wima. "Mwenye ukurasa ni mjukuu wangu. Kwa sheria ya hapa, aliyeumia ndiye anayesema."

Kiatu kikazunguka taratibu, kikasimama mbele ya Roser. Alihisi macho yote ya bonde yamemganda usoni kama nzi kwenye asali. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

"Sauti!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Nyamaza wewe," Fina alisema bila kugeuka, mguu ukitikisika. Kisha kwa sauti ya chini, "Sema, mwanangu. Hapa tumesikiliza hadi walevi."

"Sisi tunauza machungwa," Roser alianza. "Mtu akitaka ukurasa wetu, waya unamwambia ngoja. Akitaka duka la supamaketi, waya huohuo unamwambia karibu. Hatujaomba tupite mbele. Hatujakataa kulipia waya, tunalipa kama wengine wote." Alimtazama Bwana Orquín. "Alianza kwa Mwalimu Amadeu. Tukacheka. Watoto wakaacha tarumbeta. Sasa ni sisi, na Jumamosi baba atauza shamba. Leo asubuhi nimefungua lango. Tonet alikuwepo. Hakuniuliza nimepanda nini. Miaka yote hajawahi kuuliza. Lakini huyu bwana anauliza. Anauliza kila mtu umepanda nini, halafu ndiyo anaamua nani anywe."

Mahali fulani mtoto alipiga chafya.

Mguu ukamgeukia Bwana Orquín. Na kusema haki, hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. "Mama mwenyekiti, intaneti si maji," alisema. "Waya una mwisho wake. Jioni wote mnafungua pamoja, unajaa. Lazima mtu apange. Na makampuni makubwa yaliwakataa, mimi nilikuja. Pesa za supamaketi na za mpira ndizo zinazolipa waya huu. Mkizikataa, nitautunza kwa fedha gani? Wazee wenu wanatazama mpira bure. Nimekosea wapi?"

"Kweli kabisa, mpira wangu msiuguse!" alidakia mzee mmoja, na mkewe akamkanyaga.

Fina alipenga kamasi, akafikiri. "Ulikuja wakati wengine walikataa. Hilo ni kweli, na tunakushukuru. Waliochimba mfereji huu nao walikuja wakati hapa palikuwa kokoto tupu, na walitoka jasho kuliko wewe. Hawakuachiwa wachague nani anywe." Akamgeukia Roser. "Mwaka wa ukame, maji yakiwa machache, tunafanyaje?"

Safari hii Roser hakutafuta sauti. "Tunashusha lango la kila mtu, kwa kiasi kimoja. Hatumfungii mmoja ili mwingine ajaze bwawa la kuogelea."

Vichwa vilimgeukia mwenye hoteli, ambaye ghafla alipendezwa sana na mnara wa kanisa.

"Lakini nimevunja sheria gani ya nchi?" Bwana Orquín aliuliza. "Nitajie moja."

"Hakuna," Fina alisema. "Na huo ndio ubaya wake. Serikali ingekuwa na Tonet wake juu ya waya, mimi saa hii ningekuwa navuna vitunguu. Nchi haina sheria. Ukingo unayo, na ulipeana nasi mikono."

Wajumbe wakasogeza vichwa pamoja. Hawakuchukua hata muda wa kumenya chungwa. Fina akasimama, na kofia zikavuliwa.

"Waya upite ukingoni, na kila ukurasa upite sawa. Anayetaka kasi kubwa alipie kasi kubwa, hapo huna kosa. Lakini usimuulize anafungua nini. Waya ukijaa, wabane wote kwa pamoja. Usipotaka, ng'oa waya wako. Tumemaliza."

"Naomba hukumu kwa maandishi," kijana wa mkoba alisema, karanga mdomoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi umeandikiwa."

Makofi yaliyopigwa pale yaliwaamsha njiwa wote wa mnara. Bibi Remei hakupiga makofi. Alimshika Roser kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua tunda, akasema, "Huyu wangu."

Ximo alisukuma watu mpaka kwa Amadeu. "Mwalimu, nilikucheka."

"Ulicheka vizuri," Amadeu alisema. "Bendi haina mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa. Kifua unacho."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Mazoezi Jumanne. Ukikosa, nitakushtaki."

Bwana Orquín alijua hesabu. Kuhamishia waya barabarani kungemlazimu kuomba ruhusa ya kila mwenye nyumba njiani, na njiani wote walikuwa binamu zake Bibi Remei. Kesho yake ukurasa wa Roser ulifunguka kama dirisha la majira ya joto. Oda ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa mji wa chini, aliyeandika: "Mlikuwa wapi? Nilidhani mmekufa."

Na mpira? Uliendelea kuonekana, ila sasa ulilipiwa kama kila kitu. Yule mzee alilalamika wiki nzima, kisha akazoea kwenda kutazama baa, ambako, alikiri, wenzake wa kutukana nao refa walikuwa wengi zaidi.

Jumamosi mwenye ghala alikuja na gari lake, akashuka akitabasamu, mkono mbele. Ximo alikuwa amesimama getini. Mikono yake yote miwili aliitia mfukoni, akaiacha hukohuko.

"Karibu machungwa," alisema. "Mkono sina."

Kijiji kizima kilisikia habari ile kabla ya mchana. Watu wa Alcamell walitembea siku zile vifua mbele, kana kwamba kila mmoja alikuwa ametoa hukumu. Watu wa vijiji vya chini waliwaletea divai. Roser akawa anasalimiwa na watu ambao zamani hawakujua kama anasikia.

Lakini Fina hakuwaacha wavimbe sana. "Baraza letu linaishia maji yetu yanapoishia," aliwaambia. "Ng'ambo ya mlima hakuna mfereji, kuna barabara, na barabara ni ya serikali. Falzia inakwenda huko na Kapu lake lilelile. Serikali kule Madrid inauliza raia wasemaje juu ya jambo hili. Sisi hatuandiki, lakini tunaye anayeandika."

Roser akaandika. Aliandika yaliyotokea, kwa maneno aliyoyasema mbele ya kanisa, na akaomba nchi nzima ipate sheria waliyo nayo wao: mtoa intaneti atunze waya, alipwe kazi yake, ila asiwe bwana wa kuchagua nani apite. Vijiji vyote vya mfereji vikaweka majina. Kilibaki kijiji cha Benirrama, ng'ambo ya mlima, ambako Falzia ilikuwa imeanza kuchimba. Huko alikuwako binamu yake, Lledó, ambaye wazazi wake walipangisha vyumba kwa wapanda milima, na wageni wote waliwapata kupitia ukurasa wao mdogo. Lledó aliwajua watu wote wa Benirrama. Akisema yeye, wangesaini.

Alikuwa tayari amemtumia Roser sauti yake, akicheka: "Nasikia mmempeleka mtu wa intaneti mahakama ya vitunguu! Ninyi watu! Sisi huku tunangoja filamu zetu za bure, msituharibie."

Roser alikaa ukingoni jua likiwa bado juu, simu mapajani. Alifuta mara kadhaa. Mwishowe akaandika:

"Lledó, filamu ni tamu, hata sisi tulizitazama. Kwetu walianza na tarumbeta la Mwalimu Amadeu, tukacheka. Halafu wakaja kwenye machungwa. Wageni wenu wanafungua ukurasa wenu kwa waya gani? Barua kwa serikali nimekuambatishia. Inangoja jina lako na majina ya wenzako. Sisi tuna baraza, ninyi hamna, ndiyo maana nataka sheria iwe ya wote. Nijibu, tafadhali."

Alituma. Alama ikaonyesha ujumbe umefika, kisha ikaonyesha umesomwa. Roser alingoja. Alimwona Tonet akipita, akirudi, akipita tena. Zamu ya jirani ikaisha, lango likashushwa, jingine likainuliwa. Simu haikulia. Ng'ambo ya mlima mashine za Falzia zilisikika zikichimba, na Lledó hakujibu siku ile, wala iliyofuata, wala baadaye. Waliotangulia kuhisi wembe walimwita kwa jina, naye maji ya kulowesha kichwa, ile barua, alikuwa nayo pembeni yake. Wahenga hawakukosea: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.